Spika Isiyokuwa na Ruhusa

Katika miaka arobaini aliyofanya kazi masjala, hakuna faili lililopotea mikononi mwake. Hilo alikwambia kabla hujakaa, na kama ulikwisha kaa, alikwambia kabla hujanyanyuka. Watu wakamwita Masjala, na jina likamganda hata alipostaafu. Alijua kila faili lilikuwa kabati gani, limeazimwa na nani na limesainiwa lini. Lakini ukimuuliza ndani yake mna nini, alikutolea macho kana kwamba umemtukania wazazi.

"Karani hasomi faili," alikuwa akisema. "Karani anatunza faili."

Kustaafu kulimkalia vibaya. Wiki ya kwanza alipanga upya makabati ya jikoni kwa namba, na mkewe akatafuta chumvi siku mbili. Mpwa wake, binti aliyekuwa fundi wa mitandao hospitalini, akamwonea huruma mama wa watu na kumletea mjomba wake kazi ya kumtuliza. Ilikuwa seva ya nyumbani, kisanduku cheusi chenye diski mbili, kinachokaa kando ya ruta na kutunza nyimbo zote mahali pamoja. Unachagua wimbo kwenye simu, spika ya sebuleni inauchukua sandukuni kupitia mtandao wa nyumbani, mambo yamekwisha. Akamwachia na kompyuta yake wiki nzima ili ahamishe kaseti zake za zamani.

Wiki ile mzee alirudi ujanani. Alihamisha kaseti sitini na tatu, kila moja na folda yake na namba yake. Kisha akafika mahali pa kuandikisha watumiaji na kugawa ruhusa, na hapo furaha yake ikavuka mpaka. Yeye mwenyewe akajiandika Mkuu wa Masjala. Mkewe wa ndoa akamwandika Msomaji. Spika akaiandika Mgeni, kwa sababu ndiyo kwanza ililetwa juzi na hakuna aliyejua tabia zake.

Kaseti ya sitini na tatu ilikuwa ya mama mkwe wake. Shemeji yake, siku hizo kijana wa miaka kumi na minne, aliirekodi kwa redio ya kuazima, mama yao akiimba huku anakunja nguo. Miezi minane baadaye mama akafariki, akaacha na kitindamimba wa miaka miwili. Mke wa Masjala aliitunza kaseti ile kwenye kopo la biskuti miaka thelathini na nane. Tangu msiba hakuipiga tena, moyo ulimshinda.

Masjala alisikiliza sekunde ishirini tu, akahakikisha sauti inaingia, akaipunguza mpaka kimya na kuiacha ijiendeshe yenyewe. Halikuwa faili lake. Na kulikuwa na jambo jingine ambalo hakuwahi kumwambia mtu. Mama yule alikuwa akimtisha. Enzi za uchumba alikuwa akisimama mlangoni kofia mkononi, mama anamtazama juu mpaka chini, kisha anaendelea na nguo zake. Akafa kabla ya posa. Kama angemkubali au angemfukuza, Masjala hakupata kujua, na miaka yote hiyo alijiona ameingia kwenye ukoo ule bila barua.

Alipomaliza kunakili na kuirudisha kaseti nyuma, redio ikautafuna utepe wote.

"Usiwe na wasiwasi," alimwambia mkewe, kijasho chembamba kikimtoka. "Nakala ipo."

Miezi mitatu baadaye, Jumapili, kitindamimba akaja. Sasa alikuwa muuguzi wa miaka arobaini, na alikuwa amesafiri kutoka mbali kwa jambo moja tu, kumsikia mama yake. Hakuwa na kumbukumbu ya sauti ile hata kidogo. Basi lake la kurudi lilikuwa saa kumi. Saa nane, yeye, kaka yake na mke wa Masjala wakajipanga kwenye kochi. Masjala akasimama mlangoni mwa sebule na simu yake, akafungua orodha.

Folda sitini na mbili.

Akahesabu tena. Sitini na mbili.

"Vipi?" mkewe akauliza.

"Inajipanga."

Akazima spika akaiwasha. Akazima ruta. Akachomoa waya wa sanduku, akaupuliza, akauchomeka. Akaihamisha ruta kutoka kwenye stuli kwenda juu ya kabati, halafu akairudisha kwenye stuli. Kila hatua aliiandika kwenye daftari, na saa yake. Shemeji mtu, seremala asiyejua kuuacha mdomo wake upumzike, akamtazama akipanda na kushuka.

"Shemeji, ukimaliza kulitembeza hilo dude, ulinyweshe na chai."

Masjala akajaribu wimbo mwingine, dansi la zamani. Spika ikaimba kwa nguvu zote, bila kukwama hata mara moja. Hilo ndilo lililomwogopesha. Mtandao mzima, spika nzima, sanduku zima. Basi kilichokosekana ni faili.

Saa tisa ikapita. Mkewe alikuwa amenyamaza, na baada ya miaka ya ndoa Masjala aliujua ukimya ule. Kelele zake zilikuwa hazina shida.

"Niambie tu ukweli," mkewe akasema taratibu. "Umempoteza mama?"

Masjala akalifunga daftari. Akaenda ukumbini, akampigia mpwa wake.

"Mjomba, nyimbo nyingine zinapiga?" mpwa akauliza.

"Zote. Ila ile ya mama mkwe."

"Uliiweka na wenzake?"

"Niiweke na wenzake kwa nini? Ile ni ya thamani. Niliiweka chini ya Siri Kuu."

"Na Siri Kuu nani ana ruhusa ya kuifungua?"

"Mkuu wa Masjala."

"Peke yake?"

"Ndiyo utaratibu."

"Mjomba," mpwa akasema, na ilisikika wazi anajizuia kucheka, "anayeenda kuchukua wimbo sandukuni si wewe, ni spika. Simu yako inaiagiza tu, na kukuonyesha kile inachoruhusiwa kukiona. Na spika umeiandika nani?"

Masjala akaegemea ukuta. "Mgeni," akasema.

Yaani miezi mitatu faili lilikuwa limetulia kwenye kabati lake, na aliyelificha ni yeye, kwa mkono wake, kwa kulipenda sana. Hata mkewe, binti wa marehemu aliyeandikwa Msomaji, asingeweza kuisikia sauti ya mama yake mzazi. Ikabaki kupata nenosiri la Mkuu, na hilo lilikuwa ndani ya bahasha, ndani ya droo, na ufunguo wa droo umo kwenye kopo la jikoni ambalo, baada ya kulibandika namba mpya, hakuna aliyekumbuka lilipo. Shemeji mtu alilikuta nyuma ya sukari. Saa tisa na dakika ishirini na tano, Masjala akaigusa alama moja ndogo, na Mgeni akapata ruhusa.

Sauti ikaja. Nyembamba, yenye mkwaruzo, haina haraka. Nguo zilisikika zikikung'utwa. Kitindamimba akaziba mdomo kwa viganja viwili. Nyimbo mbili zikapita, hakuna aliyetikisika. Katikati ya wa tatu, kwenye kaseti mlango ukagongwa.

"Hodi!" ikaita sauti ya kijana, imejaa woga.

Masjala akaitambua. Ilikuwa yake.

Mama akaacha kuimba. "Ni yule karani wako huyo," akamwambia binti yake. "Hebu mwambie aingie, bwana. Kila siku kusimama mlangoni kungoja ruhusa. Ruhusa ya nini? Hapa si kwao?"

Kisha akaendelea na wimbo wake.

Wote watatu wakageuka. Masjala alikuwa palepale mlangoni, machozi yanamtiririka mpaka kidevuni.

"Kwani hukuisikiliza yote ulipokuwa unaihamisha?" mkewe akauliza. "Mimi nilidhani unajua."

"Karani hasomi..." akaanza.

"Miaka thelathini na nane! Si ungeniuliza, mume wangu?" Akasogea kwenye kochi, akapapasa nafasi iliyobaki. "Umeambiwa uingie."

Akaingia, akakaa. Kitindamimba alikuwa amenyoosha mkono, macho yamemvimba, anataka kurudisha mwanzo. Masjala akampa simu. Hakumwambia asaini.