Kaharabu wa Opal Jean

Opal Jean Ledbetter, binti wa Clyde Ledbetter aliyemtoa nyoka wa sumu kwenye kisima cha kanisa mbele ya waumini wote bila kuvua kofia; mjukuu wa Hester Ledbetter, mkunga aliyepokea watoto wa kaunti nzima mpaka macho yalipomwishia nuru; mwanamke wa kwanza kupewa meza ya mbele kwenye maonyesho ya nyoka ya Tulsa, siku ambayo wanaume walidhani amekuja kuuza keki. Ndiye huyo aliyekaa miaka tisa akipandisha chatu kwa chatu katika chumba cha nyuma cha nyumba yake huko Sapulpa, mpaka yai moja likapasuka na kutoa kitoto cha rangi isiyojulikana na mtu: njano nzito ya asali iliyowekwa juani, na doa moja jeupe kisogoni. Akakipa jina Kaharabu. Huyo ndiye tunayemzungumzia, si yule Opal wa duka la vitambaa.

Zamani hizo Kaharabu mmoja alikuwa bei ya gari lililotumika, tena gari la kuwaka asubuhi ya baridi. Na Opal hakumuuzia kila mwenye pesa. Alimkalisha mnunuzi jikoni, akammiminia chai ya barafu, kisha akamkazia macho. Nyumba yako ina joto gani wakati wa theluji? Panya wa kumlisha unawapata wapi? Ukifa leo, mkeo atamtunza au atamtupa? Wapo waliotoka pale wamenuna, pesa zao mfukoni.

Kosa alilifanya moja, na ni kosa ambalo mtu wa nje hata akilikanyaga hatalijua. Aliamini rangi ile ni ya kujificha, kwamba lazima baba na mama wote wawili wawe nayo damuni ndipo imtokee mtoto. Kwa hiyo majike akayaweka nyumbani, madume akayauza. Dume peke yake atafanya nini? Dume la kwanza kabisa alimuuzia Randall Skaggs, fundi bomba, ambaye Opal mwenyewe ndiye aliyemfundisha kushika nyoka. Randall akampandisha kwa jike wa kawaida, yule wa bei ya chini kabisa, kwa kujaribu tu. Mayai yalipopasuka, nusu ya vitoto walikuwa Kaharabu.

Alimpigia simu huku akicheka na kulia. "Bi Opal! Inatoka kwa mzazi mmoja! Mzazi mmoja tu, Bi Opal! Unanisikia?"

Alimsikia. Alimpongeza hata. Kisha akarudisha simu mahali pake, akasahau mkate kwenye oveni mpaka nyumba ikajaa moshi.

Tangu hapo kila mwenye dume alikuwa na vitoto tele. Bei ikawa ya pikipiki, ikawa ya baiskeli, ikawa ya viatu. Wafugaji wa zamani walikuwa na desturi yao: bei haishushwi mezani. Chatu asiyeuzwa anarudi nyumbani kwenye droo anamofugwa. Mtu akishusha, wenzake hawamwazimi hata gundi ya karatasi. Lakini wale wa zamani walizidi kupungua, na wageni walikuwa wakishushana bei mtandaoni usiku kucha, kila mmoja akimzidi mwenzake kwa dola tano.

Mwaka juzi mikono ya Opal ilianza kutetemeka. Daktari akaipa hali hiyo jina refu. Opal hakujisumbua kulikariri. Droo za nyoka zikawa nzito, na chatu hatulii kwenye mkono unaotikisika. Ilibidi ahamie Topeka kwa dada yake, ambaye hata mnyoo wa udongoni humpandisha kwenye kiti. Kwa hiyo lilibaki jambo moja, na hilo ndilo alilokuwa akiliombea kanisani kila Jumapili: chatu wake wasitawanyike. Majike yote kumi na moja, pamoja na Malkia, mama wa Kaharabu wa kwanza, waende kwa mtu mmoja, kwa bei itakayomfanya mtu huyo aamke kuwatazama joto likishuka. Mtu mwenyewe alikuwa amepatikana, Gaylord Voss wa Wichita. Walikubaliana wakutane Tulsa kwenye maonyesho ya Juni, wapeane mikono.

Opal alipanga meza yake kama kawaida, kitambaa cheusi kilichopigwa pasi. Kwenye meza ya pili alikuwa Leland Buckner, mwenye tumbo na maneno.

"Bi Opal, umependeza. Unaolewa?"

"Na nani, wewe? Panga vikombe vyako vya vitoto."

Mlango ulipofunguliwa, watu wakaingia, lakini hawakusimama kwake. Walipita kama maji kuelekea upande wa pili wa ukumbi. Leland akaenda kuchungulia, akarudi akiwa hana utani.

"Ni Randall. Ameandika karatasi kubwa. Kaharabu dola ishirini na tano."

"Soma vizuri."

"Nimesoma, Bi Opal. Na ukichukua wawili anakuongezea panya."

Kabla ya saa sita ukumbi mzima ulikuwa umeshusha. Leland naye akatoa kalamu, akakata bei yake, akikwepa kumtazama. "Nauza chatu kwa bei ya chakula cha mchana," alisema, "na chakula cha mchana kinakuja na viazi."

Mwanamume mmoja akapita na binti yake, wamebeba Kaharabu kwenye kikombe cha plastiki. Opal akashindwa kujizuia.

"Mtamweka wapi huyo, baba?"

"Tuna sanduku la viatu kwanza. Tutaona."

"Anahitaji joto. Atakufa."

"Mama, kwa bei hii?" Mwanamume akatabasamu kwa upole kabisa, wala hakukusudia ubaya. "Akifa tutakuja kuchukua mwingine."

Gaylord Voss alifika baada ya hapo. Alizunguka ukumbi mara moja, akaja kusimama mbele ya kitambaa cheusi, kofia mkononi.

"Bi Ledbetter, mimi natumia mkopo wa benki. Nikiwaambia nimenunua majike wa Kaharabu leo, watanicheka. Nichukue wawili tu?"

"Ni wote au hakuna."

"Basi naomba radhi."

"Nimeelewa," Opal alisema. "Endesha salama."

Jioni, jua likiwa bado kali nje, Randall alikuja mwenyewe. Alisimama upande, kama mtu aliyeitwa na mwalimu.

"Sema," Opal alimwambia.

"Nina vitoto vya mwaka jana havijaisha, na vya mwaka huu vinatoka. Panya wamepanda bei. Mke wangu amesema ni yeye au droo." Akakitazama kitambaa cheusi. "Sikujua Voss anakuja leo."

"Ungejua ungengoja mpaka kesho?"

Macho ya Randall yalikuwa mekundu, na Opal, aliyemjua tangu akiwa anaogopa hata ngozi iliyovuliwa, hakuwa na hasira ya kumtosha. Akamwambia akunje kile kitambaa, ampakilie vitu garini, amfuate Sapulpa.

Chumba cha nyuma kilikuwa na joto na kimya. Opal akafungua mashine ya kuangulia. Mle ndani mayai saba ya Malkia yalikuwa yameshikana, meupe, ya wiki ile ile.

"Mazuri haya," Randall alinong'ona, kwa mazoea. "Nusu watatoka Kaharabu."

"Watakwenda wapi?"

Randall akaanza kuyahesabu mayai.

"Nimekuuliza, mwanangu. Wakitoka, watakwenda wapi? Kwenye sanduku la viatu?"

Alitaka kuyainua mwenyewe. Alinyoosha mikono, na vidole vikacheza hewani, visikubali kushika. Alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, binti wa Clyde Ledbetter, akaipakata mikono yake kama vile ni ya mtu mwingine.

"Bado machanga, hayajashika mishipa," alisema. "Hayatasikia kitu. Friza iko jikoni, rafu ya chini ni tupu; yaweke humo yagande. Ukimaliza, urudi uwachukue Malkia na wenzake, wote. Sitaki senti yako. Baridi ikiingia na madume wakianza kuhangaika, usimfungulie hata mmoja. Mwaka huu, na mwaka ujao, na mwaka wa baada yake. Majike wazeeke wakila, basi. Na ile karatasi yako ya bei uichane."

"Bi Opal, siwezi. Mayai ya Malkia siwezi."

"Mimi ndiye siwezi. Wewe una mikono. Yabebe yote pamoja, usiyabandue, na usiyageuze juu chini, yai likigeuzwa kitoto hufa ndani. Hata sasa, yabebe vizuri."