Viwavi wa Waruguru

Kwenye shamba moja nje ya Kitale, Waruguru hakupalilia mahindi kama wanawake wenzake. Yeye alilinda viwavi. Memsahibu mwenye shamba alipenda sana nondo, na kulikuwa na aina moja, wakubwa kama kiganja, rangi ya majivu, ambao hakuwahi kuwaona popote ila kwenye kinamasi kilichokuwa chini ya shamba lake. Viwavi wao walikula majani ya mti mmoja tu, ulioota katikati ya matete. Kila asubuhi Waruguru alienda kuwafukuzia ndege.

Mwaka wa 1953 kazi hiyo ikawa ya hatari. Wakikuyu walishukiwa kila mahali kuwa wanawalisha wapiganaji wa msituni, na Waruguru alikuwa Mkikuyu. Siku moja, akitoka kwenye matete na kikapu chake, alikutana na askari wawili.

"We mama, chakula unapelekea nani huko ndani?" aliuliza mmoja, jina lake Rotich.

"Hakuna mtu, afande. Nalinda wadudu wa memsahibu."

"Ati wadudu? Si utuonyeshe basi."

Memsahibu alikuwa Nairobi. Hapakuwa na wa kumtetea. Waruguru akatangulia, mtutu wa bunduki mgongoni. Tangu juzi viwavi walikuwa wameanza kushuka kujizika ardhini. Je, kama wameisha?

Walipofika, mti ulikuwa mtupu.

"Wako wapi?" Rotich aliuliza, na Waruguru akasikia bunduki ikikokiwa.

Alipiga magoti, akafukua udongo mweusi kwa vidole. Mizizi. Tope. Mwishowe akapata kifuko cha kahawia, kama kidole gumba, kiwavi akiwa amejifunga ndani, akakiweka kiganjani mwa Rotich. Kikajipinda. Rotich akaruka nyuma, akakitupa.

"Twende," alimwambia mwenzake. "Huyu ni kichaa tu."

Siku mbili Waruguru hakula. Jirani yake Nekoye, mzaliwa wa Bungoma na si Mkikuyu, alimwambia, "Twende kwetu Kanduyi. Nitasema wewe ni dada yangu." Waruguru alikuwa akifunga mzigo wake lori la serikali lilipokuja kuwachukua Wakikuyu wote wa shamba, likawapeleka Murang'a, kwenye nchi ya Wakikuyu. Hakurudi tena.

Memsahibu aliporudi kutoka Nairobi alisikitika, kisha akampa Nekoye kazi ile. Nekoye aliifanya msimu mmoja, akiimba kwa sauti kubwa kila alipoingia kwenye matete, askari wasije wakadhani anajificha. Halafu akaiacha, akarudi kwao.