Diski ya Limbu

Digna hakusomea ufundi. Alitoka Mahenge akiwa msichana, akaja Ifakara kujifunza uhazili, akaishia kuchapa barua na kutoa fotokopi kwenye kibanda karibu na soko. Ufundi aliukuta kwa mumewe, Faustin, aliyekuwa akitengeneza simu na kompyuta kwenye kona ya kibanda hicho hicho. Faustin alipofariki, alimwachia meza, bisibisi, na wateja waliokuja kuulizia mashine zao. Digna alizimalizia moja moja, akikosea na kurudia, mpaka watu wakazoea kumwita fundi.

Kuna jambo hakumwambia mtu. Kwa muda mrefu baada ya mazishi alikuwa akipiga namba ya Faustin, ili tu aambiwe kwamba haipatikani. Siku moja ikapatikana. Mwanaume asiyemjua akaitika, "Haloo, nani mwenzangu?" Digna alikata simu, akakaa chini pale pale jikoni. Hakupiga tena.

Mzee Makoye alikuja kwake asubuhi moja ya masika, suruali ikiwa na tope mpaka magotini, amebeba laptopu iliyofungwa kwenye kitenge kama mtoto mchanga. Alikuwa Msukuma, mfugaji wa upande wa Malinyi, mrefu, mwenye sauti ya chini.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye fundi?"

"Ndimi. Karibu ukae."

Hakukaa. Aliufungua mzigo wake taratibu, akaiweka laptopu mezani. "Ya binti yangu, Limbu. Alikuwa afisa kilimo. Mto ulimchukua mwaka jana, akienda kuwaona wakulima wa mpunga. Mtumbwi ulipatikana. Yeye hapana."

"Pole sana, mzee."

"Nimeshapoa." Aligusa kifuniko cha laptopu. "Humu alinitegea sauti yake, inikumbushe dawa ya presha. Kila asubuhi ananiita. Sasa ameanza kukwama. Anakwama kama mtu anayemeza maji."

Digna aliiwasha. Mashine ilichelewa sana kuamka, na ilipoamka, kikumbusho cha asubuhi ile kikalia chenyewe. Sauti ya msichana ikajaa kibandani, changamfu, karibu kabisa, kana kwamba mwenyewe amesimama nyuma ya pazia.

"Baba, shikamoo. Dawa ya presha hiyo, kunywa kab, kab, kab, kab..."

Mteja aliyekuwa akisubiri fotokopi alivua kofia. Mzee Makoye aliinamisha kichwa, na midomo yake ikatamka "marahaba" bila sauti. Digna alibonyeza kitufe mpaka mashine ikazima.

"Diski yake ni ndogo, imejaa, na imeanza kufa," alisema. "Nitaweka nyingine kubwa. Sitahamisha vitu kimoja kimoja. Nitainakili diski yote kama ilivyo, mafundi tunaita kukloni. Kila kitu kitabaki pale pale alipokiacha."

"Na yeye?"

"Na sauti yake, kama diski itakubali kusomeka."

Mzee alisema atakwenda kutafuta dawa za ng'ombe kisha arudi. Mlangoni aligeuka. "Usimguse kwingine," alisema. "Mhamishe tu."

Digna aliunganisha diski mpya kwa waya, akafungua programu ya kunakili. Hapo ndipo kila fundi huogopa. Ukikosea mwelekeo, utupu wa diski mpya huandikwa juu ya ile iliyojaa, na kilichofutika hakirudi. Alisoma majina ya diski zote mbili, akasoma tena, akasema moyoni, kutoka huku kwenda huku. Akaanzisha kazi. Mstari wa kijani ukatembea vizuri, kisha, kabla ya nusu, ukasimama. Programu ilikuwa imefika mahali pabovu na ilikuwa ikijaribu kupasoma, ikirudia na kurudia.

Alikuwa akiutazama mstari huo aliposikia hodi. Mwanamke wa makamo aliingia, khanga kichwani, macho yake moja kwa moja kwenye laptopu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mimi ni Eliza, mama yake Limbu. Mzee anadhani niko kwa ndugu yangu." Alivuta kiti karibu na Digna, akashusha sauti. "Mwanangu, nimekuja kukuomba. Iache ife."

Digna aligeuka kumtazama.

"Mwanangu hakuzikwa," Mama Limbu alisema. "Tulikaa matanga bila mwili. Na kila asubuhi anaita ndani ya nyumba yangu. Akianza tu, natoka mbio. Zamani alikuwa anaita vizuri, sasa nasikia anazama. Kila siku anazama, na mimi nipo nje, siwezi kumshika." Aligusa waya uliounganisha diski mbili. "Ukiuchomoa huu, nani atajua? Utamwambia imeshindikana."

Ilikuwa rahisi hivyo. Mstari ulikuwa bado umesimama. Digna aliuona mkono wa yule mama juu ya waya, akakumbuka jinsi yeye mwenyewe alivyokuwa akiishika simu, na hakuweza kuamua nani kati ya mke na mume alikuwa na haki zaidi. Alijua jambo moja tu, kwamba asingeweza kumtazama mzee usoni na kumdanganya.

"Mama, siwezi kufanya hivyo nyuma ya mzee," alisema. "Mngoje. Mwambie wewe mwenyewe."

"Nikimwambia, nitakuwa nimemnyang'anya."

"Hajui kama unatoka mbio?"

Mama Limbu alitikisa kichwa. Alikuwa analia bila kupangusa machozi wakati mzee Makoye aliporudi na chupa zake za dawa kwenye mfuko. Alimwona mkewe, akasimama mlangoni. Walisemezana Kisukuma kwa sauti ya chini, maneno ambayo Digna hakuyaelewa, mpaka mzee akaketi kwenye benchi la wateja kwa nguvu, kama mtu aliyesukumwa.

"Nilidhani unatoka kwenda kuchota maji," alisema kwa Kiswahili. "Kila asubuhi nilidhani unakwenda kuchota maji."

Mvua ilianza kupiga mabati. Mezani mstari wa kijani ulisogea kidogo, ukasita, kisha ukaendelea hadi mwisho.

Digna alifungua kifuniko cha chini cha laptopu, akatoa diski ya zamani, akaweka mpya. Mashine iliamka upesi, kila kitu mahali pake, hata picha ya shamba la mpunga kwenye kioo. Alijaribu kuiunganisha ile ya zamani kwa waya ili ahakikishe hakuna kilichobaki nyuma, mashine ikaikataa. Haikubali diski mbili zenye utambulisho mmoja kuwa hai pamoja. Moja huisimamisha pembeni.

"Naweza kukizima kikumbusho," alimwambia mzee. "Sauti itabaki, lakini haitaita yenyewe. Utaisikia ukitaka, na spika za masikioni, peke yako."

Mzee alimtazama mkewe. "Kizime," alisema.

Digna alikuwa amekwisha kukizima pale Mama Limbu aliposema, "Ngoja. Sijawahi kumsikia mpaka mwisho. Hata alipokuwa hajaanza kukwama, sikuwahi kufika mwisho." Alishika ukingo wa meza. "Fungua mara moja tu."

Digna alifungua. Safari hii sauti haikukwama.

"Baba, shikamoo. Dawa ya presha hiyo, kunywa kabla hujaenda kwa ng'ombe. Na usimdanganye mama kwamba umekunywa, yeye anakujua." Halafu kicheko kifupi, na mlio wa kitu kikiwekwa mezani, na kimya.

Mama Limbu alikuwa ameziba mdomo kwa khanga. Mabega yake yalitikisika, na mzee, ambaye labda hakuwa amemgusa mbele ya watu maisha yake yote, aliweka kiganja chake mgongoni mwake na kukiacha pale.

Walipojiandaa kuondoka, Mama Limbu aliichukua diski ya zamani mezani. Ilikuwa kipande chembamba, chepesi. Aliigeuza geuza.

"Alikuwa ndani ya kitu kidogo hivi?"

"Ni mambo yake tu yaliyokuwemo, mama."

"Najua," alisema. Aliifunga kwenye pindo la khanga, fundo imara. "Sisi hatuna kingine cha kufukia."

Mzee Makoye alipiga simu mvua zilipokwisha. Alisema wamechimba nyuma ya nyumba, mahali palipoinuka ambapo maji hayafiki, wakaweka na jiwe. Majirani walikuja kukaa nao. Mkewe anakwenda pale asubuhi, alisema, na wakati mwingine akikaa anageuza uso ghafla kuelekea nyumbani, kama aliyeitwa.

"Na wewe, mzee, unaisikiliza?"

Digna alisikia ng'ombe wakilia upande wa pili wa simu. "Siku moja moja," mzee alisema.

Digna anaendelea na kazi pale karibu na soko. Watu humletea mashine za wanafunzi, za maduka, za waliohama na za waliofariki, na yeye haulizi ni ya nani mpaka mwenyewe aseme. Kila anapoiwasha mashine, huishusha sauti kwanza.