Komunyo ya Binti wa Mama Irabu

Darasa la kwanza lilikuwa ubavuni mwa kanisa, na mwalimu wake walimwita Mama Irabu, kwani nusu ya watu wa pale waliimba a-e-i-o-u mbele yake kabla hawajaota meno ya ukubwani. Watawa ndio waliomfunza kazi.

Serikali ilipozitwaa shule za misheni, paroko alitangaza kanisani: mwalimu atakayekubali kubaki chini ya serikali asije kukomunika, na mwanawe asipewe komunyo ya kwanza.

"Toka huko, mwanangu," mama mzazi wa Mama Irabu alimsihi. "Mjukuu wangu keshashonewa gauni."

"Nikitoka, mama, wale wadogo nani atawashika? Hata kalamu wanaishika kama mwiko."

"Wa wenzio unawaonea huruma. Wako je?"

Mama Irabu alibaki, akijipa moyo kwamba hasira ya paroko ni moto wa mabua. Si ndiye aliyembatiza mtoto? Siku ikifika atalegea.

Asubuhi moja mkaguzi wa serikali alijikunja kwenye dawati la nyuma, magoti karibu na kidevu. Alikuwa ameshaagiza kwamba sala darasani basi. Mama Irabu alifuta ubao, akawageukia watoto, na mkono wake, ambao tangu usichana haukuanza kazi bila ishara ya msalaba, ukapanda wenyewe hadi kwenye paji la uso. Akajitia kujikuna. Wapi. Darasa zima lilikwishasimama: "Kwa jina la Baba..."

"Nilidhani tumeelewana, mwalimu."

"Ni mazoea tu, bwana mkaguzi."

"Basi nenda kayazoee nyumbani."

Jioni hiyo akamshika binti yake mkono, wakaenda kwa paroko.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele amina. Wamekufukuza ndiyo unatukumbuka?"

"Mimi niache, Padri. Huyu tu."

"Wenzake wamefundishwa na katekista muda wote. Yeye alikuwa akifundishwa na nani?"

"Na mimi."

"Basi umeshajijibu."

Jumapili waliketi benchi la mwisho. Wasichana wenye nguo nyeupe walisogea mbele, mmoja mmoja.

"Mama, nikifika pale nifumbe macho?"

"Tulia kwanza."

"Mpaka lini?"

Mama Irabu akamvutia kifuani, akamziba masikio kana kwamba ni baridi. Mstari ukaisha. Kule mbele paroko akafunika kikombe cha komunyo.