Sauti Inayoeleweka

Karatasi ya sifa za kujiunga na chuo ilikuwa na vipengele saba, na sita kati ya hivyo havikunihusu. Mwanafunzi wangu wa zamani alikuja nayo nyumbani kwangu Somanda Jumamosi moja asubuhi, imekunjwa mara nne ndani ya bahasha ya kaki. Alikuwa ameichapisha kwenye steshenari ya mjini. Nilikuwa nimemfundisha Kiingereza kuanzia kidato cha kwanza hadi cha nne, huyu binti wa mkulima wa pamba wa Nkololo, na tangu hapo hatukuwa tumeonana. Sasa alikuwa amemaliza kidato cha sita katika mkoa mwingine na anataka kusomea kazi ya kuongoza ndege kwa redio kutoka ardhini.

Nilicheka kidogo. Sisi watu wa Bariadi ndege tunaziona zikipita juu, zile ndogo zinazopeleka watalii mbugani, na tukiziona hatuulizi nani anaziongoza. Lakini nilipovaa miwani na kuanza kusoma, kicheko kilikatika. Fizikia na hisabati alikuwa nazo, tena kwa ufaulu ambao mimi sikuwahi kuuota. Cheti cha kuzaliwa kilikuwepo. Macho yake hayachanganyi rangi na masikio ni mazima, hospitali walikuwa wameshampima. Umri ulikuwa unaruhusu, ila kwa mwaka ule tu. Alichelewa kuanza darasa la kwanza kwa sababu ya kuchunga ng'ombe wa baba yake, kwa hiyo mwaka unaofuata mlango ungekuwa umefungwa.

Kipengele cha sita alikuwa amekipigia mstari kwa kalamu nyekundu. Mwombaji awe na uwezo wa kuzungumza Kiingereza kwa ufasaha, bila kusitasita, na kwa sauti inayoeleweka.

"Usaili ni baada ya wiki sita, mwalimu," alisema akiitazama karatasi, siyo mimi. "Naomba unifundishe kuongea."

Nilijua kwa nini haniangalii. Ningeweza kulisema palepale, yakaisha. Badala yake nilimwambia akae na nikamuuliza kama ameshakunywa chai.

Mimi nimezaliwa Binza, pale Maswa, na kwetu nimelelewa kwa Kisukuma. Kisukuma hakina r. Watu wa mikoa mingine wanatucheka kwa hilo mpaka leo: habali za asubuhi, balabala ya vumbi. Nilipokwenda chuo cha ualimu wenzangu wa bwenini walinicheka mpaka nikawa naogopa kuagiza maharage. Nilijifungia na kioo, nikaupinda ulimi wiki baada ya wiki, na hatimaye r ikaja. Ilipokuja niliishika kama mtu aliyepata cheo. Niliporudi kufundisha nyumbani nikawa polisi wa herufi hiyo moja, na waliokamatwa wote walikuwa watoto wa kwetu.

Yeye nilimkamata kidato cha pili. Alikuwa anasoma kwa sauti mbele ya darasa, anasoma vizuri tu, mpaka akafika kwenye neno la Kiingereza la maktaba. Akasema "laiblali." Watu wa nyuma wakacheka. Ningeweza kumwacha aendelee, sentensi ilikuwa ndefu na maana yake ilikuwa imeshafika. Nikamwambia arudie. Akarudia. Nikamwambia tena. Kila aliporudia ulimi ulizidi kumsaliti, na mimi nilisimama mikono kifuani nikisubiri kosa linalofuata, mpaka jasho likamtoka juu ya mdomo. Kesho yake asubuhi, nikiita majina, nilipofika kwake nikaita: "Laiblali!"

Darasa zima liliangua kicheko. Nami nilifurahi. Sitaki kulisema kwa namna ya kujipamba, nilifurahi kwa sababu wanafunzi walinipenda siku ile. Jina lilimganda. Hata wapishi wa shule walimwita hivyo. Kuanzia siku ile hadi anamaliza kidato cha nne hakufungua mdomo kwenye kipindi changu, na kwenye ripoti ya kwenda kwa baba yake niliandika kwamba ni mwanafunzi mkimya. Niliandika hivyo kila muhula kwa mwandiko mzuri.

Kwa nini basi alikuja kwangu? Nimejiuliza sana. Wahenga walisema mchawi mpe mwanao akulelee, na labda ndivyo alivyowaza. Au labda ni jambo dogo zaidi: nilikuwa mwalimu pekee wa Kiingereza ambaye nyumba yake aliijua.

Tulianza siku ileile, mezani, uso kwa uso. Nilimuuliza swali jepesi kwa Kiingereza, ajitambulishe na aeleze anatoka wapi. Alifungua mdomo. Nilisubiri, nikarudia swali polepole kama ninavyowafanyia wageni, na hilo likaharibu zaidi. Macho yalimjaa machozi, sauti haikutoka hata moja. Nami, kwa hasira zangu hizi, nilikuwa karibu kugonga meza. Kilichotuokoa wote wawili ni maharage, ambayo yalifurika jikoni na kuzima jiko. Nikakimbia huko, na nikiwa nimeinamia mkaa nikapaza sauti kupitia ukutani, kwa ukali tu, bila kutegemea jibu: haya, unatoka wapi?

Jibu likaja. Kiingereza kilichonyooka, sentensi tano au sita bila kukwama: anatoka Nkololo, baba yake analima pamba na mahindi, yeye ni mtoto wa nne, na alipokuwa akichunga alikuwa akilala chali kuhesabu ndege na kujiuliza kwa nini hazigongani. Nilibaki nimeshika kipepeo cha mkaa mkononi. Nikamuuliza lingine. Akajibu. Nilipochungulia mlangoni akanyamaza.

Basi mimi nikawa mwalimu wa jikoni. Siku alizorudi Nkololo tulitumia simu. Mimi nilikuwa rubani, yeye mwongoza ndege, na kiwanja tulikijenga kichwani katikati ya shamba la baba yake. Nampigia kwamba nipo juu ya Maswa naomba kutua. Ananijibu nizunguke kwanza, kuna ng'ombe kwenye njia ya kurukia. Naleta ubishi, namwambia mafuta yananiishia na abiria wangu ni watu wenye hasira. Ananituliza kwa sauti ya upole, ananipa namba za kimo na za mwelekeo moja moja, mpaka nashuka salama kwenye pamba. Siku moja rubani alisahau kushusha magurudumu, na nikasikia kicheko chake. Katika miaka minne ya kumfundisha sikuwahi kukisikia.

Halafu kulikuwa na lile la namba tatu. Alikuwa amejifunza mtandaoni namna waongoza ndege wanavyotamka namba, na jioni moja akaniambia kwa woga kwamba kwa Kiingereza tatu wao husema "tri", si "thri", na elfu husema "tausandi", kwa kuwa ndivyo inavyosikika vizuri zaidi redioni. Ni sheria, dunia nzima. Kwa matamshi hayohayo nilikuwa nimekata watoto alama na kuwasimamisha juani.

"Umesikia, mwalimu?"

"Nimesikia," nikasema. "Ongeza sauti kidogo."

Hiyo ilikuwa nafasi nyingine, nami nikaiacha ipite. Nilijiambia kwamba kumfundisha vizuri ndiko kuomba radhi kwenyewe, kwamba maneno hayana kazi palipo na vitendo. Mtu akitaka kukwepa hakosi methali.

Wiki ya mwisho kabla ya safari nilijua kabisa kinachotakiwa. Usaili haufanywi ukutani. Atakaa mbele ya watu wenye nyuso, na kitu pekee ambacho hakuwa amejizoeza ni uso. Alikuja Somanda, nikakaa naye mezani, nikauliza. Akanyamaza. Tulitazamana, nadhani kwa mara ya kwanza tangu kidato cha pili, na nikaona wazi kwamba hapa hakuna zoezi la matamshi litakalosaidia. Kilichobaki ni kulitaja lile jina kwa mdomo wangu, niseme nilimkosea, kisha tuanze upya. Lilikuwa jambo la dakika mbili. Nikainuka nikasema, "Ngoja nikatazame jiko."

Jikoni hapakuwa na chungu. Nilisimama pale na kuuliza maswali yangu kupitia ukutani, naye akayajibu yote vizuri, na nikamwambia yuko tayari. Huko kazini hao marubani hawatamuona, nilimwambia. Alisema, "Ndiyo, mwalimu."

Alipanda basi kwenda Dar es Salaam akiwa na gauni la dada yake na ile bahasha ya kaki. Alinipigia siku ya usaili, saa kumi jioni, kelele za stendi zikiwa nyuma yake. Mtihani wa kuandika, alisema, haukuwa mgumu. Kisha waliwavalisha vifaa vya masikioni, wakawekwa vyumba tofauti, wakaambiwa warudie maelekezo wanayoyasikia na kutoa yao. Hapo alifanya vizuri mpaka msimamizi akamuuliza amesomea wapi.

"Halafu?"

"Halafu tukaingia mmoja mmoja kwenye chumba cha mahojiano. Walikuwa watatu, wanaume wawili na mama mmoja wa makamo. Yule mama alikuwa mzuri tu, mwalimu. Alinikaribisha. Ila alikuwa amekaa kama wewe. Mikono hivi, kifuani. Ananitazama kama anasubiri nikosee."

"Ukawajibu?"

"Sauti ikakataa. Waliniuliza mara tatu. Wakanipa maji. Nikaomba kutoka nje nijibu nikiwa mlangoni, lakini niliomba kwa ishara, hawakunielewa."

Hakuwa ananilaumu. Hilo ndilo lililonichoma, alikuwa ananieleza kilichotokea kama mtu anavyoeleza njia iliyofungwa na mafuriko. Nilimwambia asafiri salama. Majina yalipotoka lake halikuwepo, na umri wake, kama karatasi ilivyosema, haukumpa mwaka mwingine.

Aliniomba kitu kimoja tu baada ya hapo. Baba yake alikuwa hajaelewa. Mtoto anayefaulu fizikia anakataliwaje? Alidhani kuna mtu amepewa nafasi yake. Je, ningeweza kwenda kumweleza, kwa kuwa mimi ni mwalimu na angeniamini? Nilichukua bodaboda Jumapili iliyofuata. Njia nzima nilipanga maneno. Nilikuwa nimeamua kusema yote, tangu lile neno la maktaba mpaka jiko lisilo na chungu, na ninaapa nilipokuwa njiani nilikuwa namaanisha.

Mzee alinipokea kwa heshima ambayo sijapewa na mkuu wa shule yeyote. "Mwadila, mayu," alinisalimu kwa Kisukuma, kama anavyosalimiwa mama wa heshima, akanipa kiti chenye mgongo, yeye akachukua kigoda. Binti yake alikaa chini karibu na mlango na mama yake. Nikaeleza usaili, vyumba, vifaa vya masikioni, watu watatu mezani. Mzee alisikiliza ameinamisha kichwa. Nilipofika kwenye ile sauti iliyokataa, nikajiandaa kuendelea, naye akanitangulia.

"Nimeelewa sasa, mwalimu. Ni ulimi wake. Hata zile lipoti zako za shule ulikuwa unaandika, huyu mtoto ni mkimya. Sisi hatukuzingatia." Aligeuka akamtazama binti yake kwa huruma, kisha akanirudia mimi. "Wewe umehangaika naye sana. Wengine Mungu anawaumba na ulimi mzito. Si ndiyo?"

Binti aliinua uso. Alinitazama moja kwa moja, bila ukuta, bila simu, na hakukuwa na hasira usoni mwake. Alikuwa anangoja tu. Katika nyumba ile sisi wawili tu ndio tulijua jibu, na mmoja wetu hakuweza kulisema mbele yangu.

"Ndiyo, baba," nikasema. "Wengine huzaliwa hivyo."

Aliendelea kunitazama kwa muda mfupi, kisha akainamisha macho. Mama yake akamwambia mgeni hajanawa, chakula kiko tayari. Akainuka, akaleta jagi na beseni, akapiga magoti mbele yangu na kunimiminia maji. Nami nikanyoosha mikono yangu yote miwili, nikanawa.