Kadi za Mama Pacha

Jumapili mchana, watu wengine wamejinyoosha vitandani, Mama Pacha alikuwa kwenye kiti cha plastiki, miguu ndani ya beseni la maji ya uvuguvugu, akihojiwa na mumewe. Asubuhi ile ile alikuwa ametoka zamu ya wodi ya watoto. Alichoka hadi kope.

Mumewe, fundi viatu, ndiye aliyemkatia kadi kutoka kwenye maboksi ya dukani kwake: swali mbele, jibu nyuma. Kwa kuzisoma miaka mitatu, sasa alijua dalili za homa ya uti wa mgongo kuliko bei ya soli. Angekaa yeye kwenye mtihani, majirani walitania, nyumba hii ingekuwa na daktari zamani.

Maana mkewe alikuwa ameanguka mtihani wa leseni ya udaktari mara mbili. Mara ya kwanza fundi alimwambia kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Mara ya pili alimchemshia chai tu. Hii ya Jumatano ni ya tatu, na sheria hairuhusu ya nne. Akikosa leseni, miaka yote ya chuo imekwenda na maji.

"Mtoto ana degedege. Umemlaza ubavu, anapumua vizuri. Unafanya nini?"

"Namwekea sukari chini ya ulimi."

Fundi akageuza kadi, akaguna. "Hapana, Mama Pacha. Unapima kwanza sukari ya damu. Hii unaikosa kila siku, kwa nini lakini?"

"Wodini vipimo vya sukari vimeisha tangu mwaka juzi. Nipime na nini? Naweka sukari, mtoto anafumbua macho."

"Hata kwenye mtihani uliandika hivyo?"

"Mara zote mbili."

Machozi yakamtoka. Si swali hilo tu, yako mengi ya namna hiyo. Kumbe hakuangushwa na ujinga, ameangushwa na mazoea ya kuokoa watoto kwa kilichopo, na hilo lilimuuma kuliko kufeli kwenyewe.

Akajifuta kwa upindo wa gauni. "Soma tena."

Fundi akasoma.

"Napima sukari ya damu," alisema polepole.

Kadi ikawekwa kwenye fungu la alizopatia. Fundi akaitazama, akashindwa kujizuia. "Na kama vipimo hakuna?"

"Hilo hawaliulizi, Baba Pacha. Lete nyingine."