Jina Lililosomwa Kanisani

Zamfira alifua jezi za timu yetu ya Textila kwa miaka kumi na minne, na katika miaka yote hiyo sikuwahi kumsikia akitaja nani kaumia, nani kagombana na kocha, wala nani kaja mazoezini ananuka pombe. Na si kwamba sikumchimba. Tuliishi mlango kwa mlango, ukuta kati yetu mwembamba kiasi kwamba nikikoroga supu yangu anaisikia. Nilimuuliza kwa hila, nikamuuliza bila hila. Jibu lake lilikuwa moja: "Safta dada, jezi hazina midomo." Kisha anahamia kwenye bei ya vitunguu.

Kabla ya jezi alikuwa fundi cherehani wa kiwanda cha mashuka kilichoipa timu jina lake. Kiwanda kilikufa, timu ikatangatanga bila mlezi, mpaka ikaja kampuni moja ya kamari. Kampuni haikuishia kwetu, iliichukua ligi nzima. Ligi ikaitwa kwa jina la kampuni, na nembo yake, jani la kijani, ikabandikwa kwenye kifua cha kila jezi, kwenye mpira, kwenye mabango, na mwishowe kwenye aproni ya Zamfira. Maji ya moto yalikuwa yanalibandua lile jani, kwa hiyo alilifua kwa mkono, taratibu, kwa woga. Jezi ikirudi na jani lililochubuka, klabu inatozwa faini.

Kila kiangazi ligi ilimtuma mtu kuwafundisha watu wa klabu uaminifu. Aliitwa Bwana Docan, mwanamume mwembamba wa maneno ya chini, na begi lake pia lilikuwa na lile jani. Aliwaambia kwamba kulivaa tangazo la kamari ni kazi, lakini kubeti ni marufuku, na kumpa mtu yeyote habari ya ndani ni marufuku zaidi: mume, jirani, hata msusi. Wote wakatia saini fomu, kuanzia kocha mpaka mfuaji. Zamfira alirudi nyumbani siku ile midomo imemkauka.

"Wanasema ni jela?" nilimuuliza.

"Wamesema yanaweza kufika mahakamani. Safta, tafadhali, kuanzia leo usiniulize hata kama mvua imenyesha uwanjani."

Nikamcheka. Nilikuwa mjinga.

Mimi nauza mishumaa kwenye mlango wa kanisa la Mtakatifu Dumitru, na kazi yangu nyingine ni kupokea vikaratasi. Kwetu kila mtu huandika majina ya watu wake, walio hai upande huu, waliokufa upande ule, na mgonjwa huandikwa kwanza, pembeni yake neno "mgonjwa". Jina ni la ubatizo tu, bila ukoo. Navikusanya kwenye sinia, nampelekea Padri Ilarie, naye anavisoma kwa sauti mbele ya altare, jina baada ya jina, huku sisi tukipiga ishara ya msalaba. Bibi yangu aliandika, mama yangu aliandika. Tunaamini jina lisiposomwa halikufika.

Alhamisi moja ya Oktoba, Sever, kipa wetu, aliangukia bega mazoezini, wenzake wakiwa wameshaondoka. Zamfira ndiye aliyeitwa na mkasi, maana mkono haukupanda na jezi haikuvulika. Alimkatia jezi mwilini huku yule kijana wa watu akiuma taulo. Sever hakuwa na mama. Alipofika mjini kwetu miaka sita nyuma ni Zamfira aliyemshonea mapazia, na harusini kwake ni Zamfira aliyesimama mahali pa mama. Kocha akafunga mlango wa chumba cha kubadilishia nguo na kusema: "Tuko wanne humu. Sever, daktari, mimi na mama. Jina lake litabaki kwenye orodha mpaka saa ya mwisho. Wapinzani wakijua langoni yupo kipa wa akiba, watatupiga mashuti kutoka katikati ya uwanja."

Zamfira akabeba siri hiyo siku tatu. Nilimwona Ijumaa akikaanga pilipili za kusaga kwa ajili ya majira ya baridi, akaziacha zikaungua, mtu ambaye hajawahi kuunguza hata kitunguu. Nikamuuliza ana nini. Akasema moshi. Mimi sikusisitiza, nikidhani ni presha.

Jumapili asubuhi alinipa kikaratasi chake. Mimi huwa navisoma, sikatai, nani angeweza kuvishika bila kuvisoma? Juu kabisa, kwa ule mwandiko wake wa kishonaji, alikuwa ameandika: Sever, mgonjwa.

Kichwani mwake kanisa halikuwa "mtu yeyote". Hakumwambia mume, jirani wala msusi. Alimwambia Mungu, kwa njia pekee aliyofundishwa. Nami nikasimama na kile kikaratasi, kwa sababu mji mzima una Sever mmoja. Kalamu ilikuwa mfukoni mwangu. Ningeweza kulifuta lile jina, au kumrudishia nikamnong'oneza. Lakini niliogopa kuingilia sala ya mtu, na foleni ya mishumaa ilikuwa ndefu, basi nikakiweka kwenye sinia. Najilaumu mpaka leo.

Padri akasoma: "Mgonjwa Sever." Kanisa halikutikisika. Ila upande wa wanaume niliona vichwa viwili vitatu vikiinuka, na mzee Pamfil, mwimbishaji wetu, akakosea kiitikio anachokiimba kwa miaka thelathini.

Mechi ilikuwa saa kumi na moja jioni. Tulifungwa sita. Na kati ya sala na kipenga, viduka viwili vya kubeti vya kampuni ile, kimoja kikitazamana na lango la kanisa, vilijaa watu wa Textila wanaoweka mikeka Textila ifungwe.

Jumatano Bwana Docan akafika. Mitambo ya kampuni ilikuwa imeona mji mdogo ukibeti timu yake ifungwe, wote kwa saa chache, wote kwa uhakika. Habari ilivuja, na walioijua walikuwa wanne. Daktari na kocha walikuwa na mawakili. Zamfira hakuna aliyemfikiria, nani anamwona mfuaji? Akabaki Sever, mwenye bega lililofungwa na mkopo wa nyumba. Wakachukua simu yake. Wakamwambia akipatikana na hatia atafungiwa miaka minne, na kipa wa miaka thelathini na mmoja akifungiwa minne ameisha.

Hapo Zamfira alikuwa bado hajaelewa. Aliniambia amekagua kila neno lake tangu Alhamisi, hata aliyozungumza usingizini kamuuliza mumewe. Nami, kwa aibu, nikahamia kwenye bei ya vitunguu.

Aliyemfumbua macho ni Pamfil. Alhamisi tulikuwa sokoni, mbele ya meza ya jibini, akamvulia kofia.

"Mama Zamfira! Sala zako zina nguvu, wewe! Zimeninunulia matairi manne ya majira ya baridi."

"Sala gani, mzee Pamfil?"

"Ah, tusifichane. Jumapili hii utamwandika nani? Yule winga anachechemea au macho yangu tu?"

Nilimwona akiwa mweupe kama lile jibini. Alitembea mpaka nyumbani akiwa ameshika mkoba kwa mikono miwili, na chini ya mlango wake akakuta karatasi iliyokunjwa, bila jina, herufi kubwa: KAMA WINGA HACHEZI, MWANDIKE. KAMA ANACHEZA, USIMWANDIKE. UTAPATA CHAKO. TUNAJUA UNAKOKAA.

Alinigongea ukuta kwa kijiko. Nilipoingia alikuwa ameburuta kabati la vyombo hadi mlangoni, akanipitisha upande upande.

"Ulikisoma," alisema. "Safta, wewe ulikisoma."

"Nilikisoma."

"Na ukakipeleka."

"Nikakipeleka. Nipige ukitaka."

Hakunipiga. Alikaa kwenye kigoda, akanipa ile karatasi ya mlangoni niisome. Mji ule ule, nyuso zile zile ninazoziuzia mishumaa, na mmoja wao alikuwa amepiga magoti hapa mlangoni kusukuma karatasi ile. Nani? Mwokaji? Mwalimu? Unaanza kuwahesabu jirani zako na hupati wa kumwondoa.

"Nikisema, kazi imekwenda," alisema. "Labda na jela. Na hawa wa karatasi sijui watanifanya nini. Nisiposema, wanamzika Sever akiwa hai."

"Subiri kidogo. Labda wataona hana kosa."

"Watamwonaje? Aliyekosa amekaa hapa amefunga mlango kwa kabati."

Ijumaa asubuhi alivaa koti lake la harusini na mazikoni, tukaenda. Ofisi ya klabu ina dirisha moja, na chini ya bango la kampuni lililoandikwa "Cheza kwa kiasi" alikuwa ameketi Bwana Docan. Alikuwa mpole.

"Karibu mama. Utakunywa maji?"

"Hapana, bwana. Ni mimi. Sever hakusema kitu. Mimi ndiye niliyetoa."

"Ulimwambia nani?"

"Nilimwambia Mungu."

Kalamu yake ikasimama. "Mama, hapa hatutaniani."

"Sikutanii. Nilimwandika kwenye karatasi ya kanisa. Sever, mgonjwa. Padri akasoma."

"Kwa sauti?"

"Sasa asome kimya, tutajuaje tunamwombea nani?"

"Mbele ya watu wangapi?"

Hapo nikaingilia. "Mishumaa niliyouza ni themanini na mitatu."

"Na wewe ni nani?"

"Muuza mishumaa. Karatasi ilipita mkononi mwangu. Andika na hilo."

Aliandika. Aliandika muda mrefu, na Zamfira akawa anasoma uso wake kama mtu anayemtazama daktari. Mwishowe Docan akasema Sever ataachiwa, atarudishiwa simu yake. Zamfira akatoa pumzi ambayo nadhani aliishika tangu Jumatano. Kisha Docan akaisukuma mbele yake ile fomu ya kiangazi, saini yake chini, herufi za kishonaji.

"Fomu inasema mtu yeyote, mama. Haina nafasi ya kanisa. Klabu haiwezi kuendelea na wewe. Mahakamani sitakupeleka, nitaandika kwamba hukukusudia."

"Na hawa waliobeti?" niliuliza. "Na aliyetupa karatasi ya vitisho?"

"Karatasi ipelekeni polisi. Waliobeti walisikia jambo mahali pa wazi. Hawakuvunja sheria. Walicheza kihalali."

Nikashindwa kujizuia. "Mnabandika kamari kwenye kifua cha kipa! Mnaweka duka la kubeti linatazamana na mlango wa kanisa, mnailisha ligi nzima kwa pesa hiyo, na mshahara wako humo humo! Halafu watu wakisikia jina la mgonjwa wakawaza mkeka, mwenye kosa ni huyu aliyeomba?"

Hakukasirika. Alitazama mlango, kisha lile jani kwenye begi lake, akapunguza sauti mpaka nikalazimika kuinama. "Mama, unadhani hilo swali sijawahi kujiuliza? Nikilisema huko juu, kesho atakuja mwingine na begi hili hili." Alikuwa anaogopa. Na hilo lilinitisha kuliko karatasi ya mlangoni, maana nilikuwa nimedhani huko juu kuna angalau mtu mmoja asiyeogopa.

Zamfira alitoa aproni yake mkobani, akaikunja, akaiweka mezani, jani likiwa juu. Halikuwa limechubuka hata kidogo.

Sever alipangiwa kupasuliwa bega Jumatatu. Kwa hiyo Jumapili Zamfira alikuja kanisani, ingawa nilimsihi abaki nyumbani. Kanisa lilijaa kuliko Pasaka. Wanaume ambao sijawaona tangu ubatizo wao wenyewe walisimama mpaka kwenye ngazi, na hawakununua mshumaa hata mmoja. Alinipa kikaratasi chake kimekunjwa mara nne. Safari hii sikukisoma.

Padri Ilarie alipofika kwa wagonjwa, watu waliacha hata kukohoa. Miaka yote nimetamani kanisa linyamaze hivyo. Niliona mwanga wa simu chini ya makoti. Padri aliona pia, sauti ikamkwama, lakini desturi ni desturi, akakikunjua kile kikaratasi.

"Mgonjwa Zamfira," akasoma.

Kisha sauti nyuma ya nguzo: "Huyo anacheza namba ngapi?"

Wakacheka. Ndani ya kanisa, mbele ya altare, wakacheka, na Pamfil akainamia kitabu chake mabega yakimtikisika. Wengine wakaanza kutoka kabla hata mkate haujagawiwa.

Nikamsogelea Zamfira. "Na Sever?" nilinong'ona. "Kesho anapasuliwa, hukumwandika?"

Alikuwa ameinamisha kichwa, midomo ikienda, na kiganja chake kimeufunika mdomo wote, vile wachezaji wanavyofanya uwanjani wanapojua kamera zinawatazama.

"Niache," alisema nyuma ya kiganja. "Namtaja sasa hivi. Simama mbele yangu, Safta, wasinisome midomo."